Pegula Ice Arena: Alama za Juu Naipa Barafu ya Pili

Karibuni watazamaji. Leo tunauchambua Pegula Ice Arena, uwanja wa hoki ya barafu wa chuo kikuu cha Penn State, Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2010 Terry na Kim Pegula, mume na mke matajiri, waliahidi dola milioni 88, baadaye mchango wao ukafika milioni 102. Fedha hizo zilijenga uwanja na kuanzisha timu za chuo za wanaume na wanawake za daraja la juu. Ulifunguliwa Oktoba 2013.

Wengi husifia ukumbi mkubwa: watazamaji wapatao 6,000, na jukwaa la wanafunzi lenye mwinuko mkali nyuma ya goli. Unastahili sifa. Lakini alama za juu naipa barafu ya pili, yaani uwanja mdogo wa kuteleza ndani ya jengo hilohilo, wenye viti kama 300 tu. Hapo ndipo wenyeji wanateleza na watoto wanafundishwa. Jengo la zamani, Greenberg, lilikuwa na barafu moja, wote wakigombea saa zilezile.

Na si suala la saa tu. Hoki inataka barafu ngumu, nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Wanaoruka na kuzunguka kwa muziki wanataka laini kidogo, nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, chuma cha kiatu kishike wanapotua. Barafu ikiwa moja, lazima mmoja aumie.

Unene nao ni sentimita 3 hivi. Ukizidi, ubaridi wa mabomba yaliyomo kwenye zege chini yake haufiki juu vizuri, na uso unakuwa tepetepe. Mashine ya Zamboni inakwangua uso, kisha inatandaza maji ya moto, nyuzi 60 hivi. Kwa nini moto? Yanayeyusha uso kidogo na yana hewa chache, hivyo tabaka jipya linashikana na la zamani. Mkiingia kabla halijaganda, mnaacha mifereji, na hiyo ndiyo inayoangusha watu.

Unakwenda mara ya kwanza? Vaa glavu na soksi nyembamba ndefu, pea moja. Soksi nene hufanya mguu ucheze ndani ya kiatu. Kamba zilegeze kidogo vidoleni, kaza sana penye kifundo. Kunja magoti. Ukiona unaanguka, anguka kwa ubavu, kunja ngumi mara moja, maana chuma cha anayekufuata hakina huruma na vidole. Na ratiba iangalie kabla hujatoka nyumbani, hasa siku za mechi.