Darubini ya ndege kwa sisi wa Tanga: angalia ukungu kwanza

Masika ya mwaka juzi yaliniulia darubini. Nilikuwa nimeinunua kwa laki mbili na nusu, na muuzaji aliniapia: "Dada, hii hata ukizama nayo baharini inatoka nzima." Haikuzama popote. Ilikaa kabatini tu, na nilipoitoa Septemba, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, walipoanza kurudi kutoka Siberia, kila ndege wa Raskazone alionekana kama yuko nyuma ya chandarua. Nikafuta vioo kwa nje mpaka mkono ukachoka. Kumbe uchafu ulikuwa ndani: nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui, zimeota juu ya lenzi.

Tangu niandike mara ya kwanza habari ya darubini hiyo, wasomaji watatu wa Pangani na Muheza wameniletea malalamiko yaleyale. Kwa hiyo leo sitawachosha na mambo ya kuvuta mbali. Chukua 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42, hiyo inatosha. Ninachotaka mkiulizie ni ukungu.

Kwetu neno hilo lina maana mbili, na darubini mbovu inakupa zote. Kuna ukungu unaoota, unaopenda joto na unyevu wa pwani, na ukikaa muda mrefu unakula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo. Halafu kuna ukungu wa mvuke. Unatoka kwenye joto la Muheza, unapanda Amani alfajiri kwenye baridi ya msitu, hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani inageuka matone kwenye lenzi. Yule ndege shoro mwenye mdomo mrefu anayejificha kwenye mitambazi, ambaye duniani kote anapatikana tu Usambara Mashariki na mlima mmoja wa kaskazini mwa Msumbiji, hakungoji ukaushe vioo.

Dawa ni darubini iliyozibwa kwa mipira na kujazwa gesi kavu, nitrojeni au agoni. Maandishi ya kusema inastahimili matone ya mvua hayatoshi. Tafuta jina la gesi.

Mimi ni mtu wa Nikon, sifichi. Ya kwanza kwangu ni Monarch M5 8x42: ina nitrojeni, inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 10, na rangi zake ni safi kiasi kwamba ndege chozi akikaa kivulini bado unaona kifua chake kikimeta. Pia inaona vizuri kuanzia mita 2.5, kwa hiyo hata ndege wa kwenye ua wa nyumbani hakushindi. Ya pili ni ndugu yake mdogo, Prostaff P3 8x42. Kioo chake si cha daraja lile, lakini imezibwa na kujazwa nitrojeni vilevile, na kama pesa ni ya kubana mkanda, nunua hii bila kusita. Ya tatu ni Vortex Diamondback HD 8x42, yenye agoni. Wanaisifu kwa dhamana ya maisha. Nzuri, ila ukiwa Tanga fikiria kwanza, ikiharibika, nani atakusafirishia hadi Marekani. Swarovski na Zeiss ni bora kuliko zote hizi. Mwenye nazo anunue.

Za bei ya chini sina mengi. Hata Nikon wanayo Aculon A211, kioo kizuri, lakini haikuzibwa, pwani usiinunue. Na zile zilizoandikwa 30x60 za kushikika kiganjani, beba rula: 60 ni upana wa lenzi kwa milimita. Mimi nilipima moja, haikufika hata 30. Huo ni uongo uliopigwa chapa, na unauzwa mchana kweupe kwa watoto wa shule wanaoanza kupenda ndege.

Ukiwa dukani, hasa kwa mtumba, washa tochi ya simu upande wa lenzi kubwa, chungulia upande wa pili huku ukiinamisha kidogo kidogo. Nyuzi zitajionyesha. Mwezi uliopita muuzaji mmoja alinizuia, eti tochi inaunguza lenzi. Tochi ya simu haiunguzi kitu. Kioo hichohicho kinatazama mbingu ya saa sita mchana miaka yote! Nikamrudishia juu ya kaunta.