Walinitengenezea kurasa 34 za miji, moja ikamdanganya mama wa watu usiku wa manane

Naandika bado nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Mimi ni fundi bomba, nina kikampuni changu, mafundi wanne na gari mbili, na kuna kampuni ya websaiti niliwapa kazi ya kunitengenezea kurasa za miji, yaani kila mji tunaofanyia kazi uwe na ukurasa wake ili mtu wa pale akitafuta fundi bomba atukute. Wazo lenyewe zuri na hadi leo nalitetea. Ila walichokifanya hao jamaa, we acha tu.

Sitaongelea rangi wala spidi, hayo yalikuwa sawa. Nitaongelea simu moja.

Ilikuwa saa 6 usiku hivi, nimeshalala. Napokea, mama anaongea kwa kuhema na nyuma yake nasikia maji yanamwagika. "Kaka, mmeandika mnafika ndani ya dakika 30, mimi nimejaza fomu yenu muda mrefu, mko wapi?" Nikamuuliza yuko mji gani, akautaja. Jamani, mji huo sijawahi kufunga hata koki moja! Kutoka karakana yangu ni mwendo wa saa 4 kwa gari. Nikamwambia mama samahani sana, kwanza tafuta valvu kuu, mara nyingi iko karibu na mita, zungusha kulia mpaka ikaze, nikabaki naye kwenye simu anatafuta na tochi mpaka nikasikia maji yamekata. Halafu akaniuliza, "Sasa kwa nini mliandika mko huku?" Nilikosa la kusema. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kuitwa mwongo na mteja, na usiku ule hakuniita mwongo lakini ningependa bora angeniita.

Usingizi ukapaa. Nikafungua websaiti yangu mwenyewe kwenye simu nikaanza kusoma ukurasa mmoja mmoja, kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku waliyonikabidhi, hilo kosa ni langu na nalikubali. Karibu kila ukurasa maneno yale yale, sisi ni mafundi wanaoaminika zaidi mjini fulani, wakazi wa fulani wanatujua, kuanzia katikati ya fulani hadi pembezoni mwa fulani, wamebadilisha jina la mji tu. Picha ni ile ile, mtu wa kununuliwa mtandaoni, ovaroli haina hata tone la grisi. Kuna ukurasa mmoja walisahau hata kubadilisha jina, umeandikwa "wakazi wa JINA_LA_MJI wanatupenda". Na kilichonitoa machozi kabisa ni ushuhuda wa mteja: mteja mmoja, sentensi moja, anaishi kwenye miji zaidi ya 30 kwa wakati mmoja. Mtu huyo simjui. Walimtunga.

Asubuhi nikampigia meneja wao. Nikamweleza habari ya yule mama mwanzo mwisho. Akacheka. Akasema, "Boss, zile kurasa siyo za watu kusoma, ni za Google. Wewe shika spana, ya mtandaoni tuachie sisi." Hayo maneno yamenikaa kooni mpaka leo. Mtu maji yamemfika kifundo cha mguu sebuleni kwake, we unaniambia ukurasa siyo wa watu?

Haya, tuseme ni za Google. Nikaingia kusoma mwenyewe. Kumbe Google tangu 2015 walitangaza kuzibana kurasa za namna hii, zinazoundwa nyinginyingi kwa ajili ya kunasa utafutaji halafu zote zinakupeleka sehemu moja, na Machi 2024 wakaongeza sheria dhidi ya maandishi yanayomwagwa kwa wingi bila faida kwa msomaji, iwe yameandikwa na mashine au na mtu. Nikafungua Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha kurasa zako zipi zimeingia kwenye matokeo, kati ya kurasa 34 zilizoingizwa kwenye matokeo ni 5, nyingine zote Google imezipitia na kuziacha. Na wasifu wa biashara kule kwenye ramani nao wameujaza miji mpaka basi, wakati mwongozo wa Google wenyewe unasema maeneo yasizidi 20 na kwa kawaida yasiwe mbali zaidi ya mwendo wa saa 2 kwa gari kutoka ulipo. Sasa kama watu hawazitaki na Google haizitaki, mimi nililipia nini?

Ila nisiwe mnyimi wa haki. Kuna ukurasa mmoja mzuri kweli. Huo aliuandika kijana wao mmoja, alinipigia simu tukaongea karibu saa nzima, akawa ananiuliza maswali ya maana: mji ule mnaenda siku gani, nyumba zake za umri gani, mnakutana na shida gani kule ambayo kwingine haipo, kazi gani hamfanyi. Nikamwambia maji ya kule yana chokaa sana, ukifungua hita unakuta kile chuma cha kuchemshia maji kimevaa gamba jeupe gumu mpaka ukigonge ndo linabanduka, na nyumba za zamani zina mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, nje yanaonekana mazima lakini ndani kutu imejaa mpaka tundu limebaki la kupitisha penseli, ndo maana maji ya juu hayana presha. Nikamtumia picha niliyopiga mwenyewe ya bomba tulilolikata kwa msumeno, tundu lile linaonekana wazi. Akaandika yote, akaweka tunaenda Jumanne na Ijumaa, akaweka wazi kwamba mashimo ya choo hatufanyi, akaweka maneno ya wateja wetu wa kweli wa mji ule. Watu wananipigia wananiambia, "Fundi, nimeona lile bomba lililokatwa, la kwangu litakuwa hivyo hivyo." Mteja anakuja anajua shida yake kabla sijafika! Kwa ukurasa ule nilikuwa niwape nyota 4. Hata 5, kwa ajili ya kijana yule.

Halafu nikamuuliza meneja kwa nini zote zisifanywe hivyo, mbona tunaenda miji 6 tu, zingetosha kurasa 6. Akasema ile ilikuwa sampuli ya kunionyesha, inakula muda, kifurushi changu kilihesabu idadi. Yaani walijua kabisa namna ya kuifanya! Wangekuwa hawajui ningesamehe. Kwa hiyo nyota 4 nimezifuta, nawapa moja, na hiyo moja ni ya kijana.

Nimewaambia wafute kila mji tusioenda, wafute na ushuhuda wa uongo, sita zilizobaki nitakaa na mafundi wangu tuandike kila mmoja anachokijua kuhusu mji anaouhudumia. Wamesema wataliangalia. Ni wiki kadhaa sasa. Leo asubuhi nimefungua tena ukurasa wa mji wa yule mama na bado upo, dakika 30, na namba yangu ya simu iko juu kabisa. Nywila za websaiti wanazo wao. Kama kuna mtu anajua namna ya kuzipata bila kuwapitia, naomba aniambie kabla hajanipigia mtu mwingine usiku.