Salfa ya unga kwenye zabibu: ukungu inauweza, mdudu kobe inamuumiza

Nalima zabibu Mpunguzi, hapa Dodoma. Msimu huu nimetumia salfa ya kuchanganya na maji, ile ya asilimia 80, mfuko wa kilo moja. Nawaandikia wenzangu wenye zabibu kwa sababu dukani tunaambiwa nusu tu ya habari zake.

Kazi yake inaifanya. Ule ukungu mweupe unaokaa juu ya majani na punje kama unga, ubwiri unga, unatusumbua sana huku kwenye ukame kwa kuwa hauhitaji jani lililolowa ili uenee. Nilipuliza mara madoa ya kwanza yalipoonekana, na vichala vimejaa bila punje kupasuka. Salfa hii inachanganyika vizuri, nozeli haizibi. Na usikubali kupewa mankozebu badala yake: hiyo ni ya ubwiri vinyoya, ugonjwa wa wakati wa mvua, ubwiri unga haiuwezi.

Sasa lile lililonifanya nishike simu niandike. Mizabibu yangu ina vidung'ata, wale weupe kama pamba wanaojificha kwenye maungio ya matawi. Anayewala ni mdudu kobe. Huku kwangu ni mdogo, mweusi, mgongo wa mviringo wenye madoa mawili mekundu, ndugu wa wale wekundu wenye madoa meusi tunaowaona kwenye kunde. Mtoto wake amefunikwa nyuzi nyeupe za nta, ukimtazama harakaharaka utadhani ni kidung'ata mkubwa. Mguse na kijiti: kidung'ata anajikokota, huyu anakimbia. Wengi tunamfinya bila kujua ni mlinzi wetu.

Mkubwa ana mabawa, ukipuliza anaruka anakwenda zake. Mtoto hana pa kwenda. Anatembea kutwa nzima juu ya jani lililopakwa dawa, na vidung'ata anaowala wamepakwa pia. Kwenye mistari niliyopuliza mfululizo, watoto hawa walitoweka. Vidung'ata wakabaki, sisimizi wakapanda kufuata utomvu wao mtamu, na vichala vikaanza kushika masizi meusi. Mistari ya karibu na tangi, niliyopuliza mara moja tu, mdudu kobe bado wamo na vichala ni visafi.

Tumezoea kuamini kwamba dawa ya ukungu haimhusu mdudu. Inamhusu. Hata asipokufa papo hapo, baadhi ya dawa hizi hupunguza mayai anayotaga na kudhoofisha watoto wake. Kule California, Marekani, kuna mdudu kobe aitwaye Psyllobora vigintimaculata ambaye chakula chake ni ubwiri unga wenyewe. Ukipuliza salfa kwake, unamtia sumu na kumnyang'anya chakula kwa mkupuo mmoja. Inaniuma kwamba mfuko nilioununua umeandikwa habari za glavu, barakoa na samaki, lakini mdudu rafiki hakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Nilimuuliza kijana wa dukani. Akanijibu kwa heshima, "Mama, hii ni ya ukungu tu, wadudu haiwagusi, piga kila wiki." Kijana mzuri, ananipimia sawasawa na stakabadhi ananipa, ila ushauri huo sikubaliani nao. Wauzaji wafundishwe jambo hili, wao ndio tunaowasikiliza kabla hatujamwona bwana shamba.

Naipa nyota 3 kati ya 5, na nitainunua tena. Ninavyoitumia sasa: nakagua majani ya chini kwanza, nikikuta ukungu ndipo napuliza, na ni mistari yenye ugonjwa peke yake. Kalenda ya kila wiki nimeiacha. Napuliza jioni, maana jua likiwa kali salfa inaunguza majani. Wale mnaouzia viwanda vya mvinyo, acheni mapema kabla ya kuvuna. Salfa ikibaki kwenye punje, mvinyo ukichachuka hutoa harufu ya yai viza, na mnunuzi ana haki ya kuukataa mzigo. Mfuko ukishafunguliwa ufungeni kwa kamba na kuuweka pakavu, kwani wa kwangu ulishika unyevu ukaganda mabonge pembeni.