Nililipia saa 40 za masomo ya udaktari mtandaoni

Novemba mwaka jana nilikuwa na pointi 31. Kwa asiye wa kazi hii: Baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, linatutaka tukusanye pointi 50 za masomo ya kujiendeleza kila mwaka, na leseni inakwisha tarehe 31 Desemba. Zilikuwa zimebaki 19, na mimi mchana niko zahanati mtaa wa Umoja, Nairobi, usiku mara tatu kwa wiki niko kwenye hospitali ndogo ya uzazi upande wa Donholm. Semina za Jumamosi nyingi ninazoalikwa huwa kwenye hoteli za Upper Hill. Mtu aliyetoka zamu ya usiku ukimkalisha kwenye kile kiti laini, taa zikapunguzwa, slaidi ya tatu haioni.

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye akanitumia kiungo. "Daktari, hii hata ndani ya matatu unasoma."

Ni huduma ya Marekani ya masomo ya video kwa madaktari. Jina silitaji, kwa sababu malalamiko yangu mengi yanazihusu huduma za aina hii zote, na wewe ukifungua mbili tatu utazikuta ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna mkutano wa moja kwa moja wa kuukesha. Hilo peke yake lilinivuta, maana niliwahi kujiandikisha kwenye mhadhara wa saa moja jioni ya New York. Hapa kwetu ilikuwa saa tisa usiku, na nikausikia nusu yake kichwa kikiwa mezani.

Kifurushi cha saa 40 kilinigharimu dola 199, ambazo siku ile zilikaribia shilingi 26,000. M-Pesa ya kawaida hawapokei. Nikatengeneza kwenye simu kadi ya GlobalPay, ile kadi ya mtandaoni inayovuta pesa kutoka M-Pesa, malipo yakapita mara ya pili. Nikajipa moyo kwamba semina ya siku mbili, ukijumlisha na teksi, nayo isingeniacha salama.

Nianze na sifa, maana zipo. Somo linakungoja. Usiku mmoja nilisimamisha video dakika ya 12 kwa sababu mama alikuwa ameanza kusukuma. Nikairudia keshokutwa yake, nimekaa kiti cha nyuma cha matatu iliyoganda Jogoo Road, nikaikuta dakika ile ile, mhadhiri amenyoosha kidole vile vile. Maswali ya mwisho wa somo yameandikwa na watu wanaojua kazi: ukikosea, wanakuambia umekosea wapi na kwa nini lile jibu ulilolitamani si sahihi. Pia kuna kitufe cha kasi. Mhadhiri mmoja wa figo anaongea kama anayelipia kila neno. Nilimweka kasi ya moja na nusu, tukaelewana.

Bando sasa. Video haipakuliki, na hakuna namna ya kupunguza ubora wa picha. Saa moja ya somo ilinila karibu MB 900. Umeme ukipotea Umoja, wifi ya zahanati inaondoka nao, na somo linabaki kuzungusha kale kaduara.

Lakini bando ni jambo dogo. Kilichonichosha ni kusomeshwa hospitali ya mtu mwingine. Somo la kisukari lilikuwa zuri mno kwa kuangalia, ila sukari yote iko kwa vipimo vya Marekani. Mhadhiri anasema 180, mimi nagawanya kwa 18 kichwani ndipo niipate 10 yangu. Nikimaliza kugawanya, ameshahamia slaidi nyingine. Halafu anasema mgonjwa avae kihisi mkononi kinachosoma sukari usiku na mchana. Mgonjwa wangu wa Umoja ananunua vijiti vya kupimia kwa kuhesabu, anapima Jumatatu na Alhamisi, na wiki ya kulipa karo ya shule hapimi kabisa. Nilitaka mtu anifundishe kumpangia insulini mgonjwa wa Jumatatu na Alhamisi. Somo hilo halikuwemo.

Na saa 8 kati ya zile 40, hebu fikiria, zilikuwa za hatari ya dawa kali za maumivu. Nilishangaa hadi nilipojua chanzo: tangu Juni 2023, sheria ya Marekani inamtaka daktari anayeandika dawa za aina hiyo awe na mafunzo ya saa 8 ya uraibu. Kwao ni msiba wa kweli, siwalaumu. Lakini mimi kwenye kazi yangu nimehangaika zaidi kumtafutia mofini mgonjwa wa saratani kuliko kumnyang'anya. Saa nane nzima naonywa nisimwage maji, na mfereji wangu mkavu.

Basi nikafika saa ya 33 nikiwa nimeshakata tamaa, nabonyeza tu ili nimalize. Somo likawa la mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Na safari hii hospitali niliyoiona kwenye video ilikuwa kama yetu: kitanda cha chuma, pazia la kijani, mkunga mmoja na akina mama watatu wanaojifungua.

Lilikuwa linaeleza utafiti wa E-MOTIVE, uliotoka Mei 2023, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama akishajifungua anawekewa chini ya makalio plastiki yenye mfuko, na mfuko una mistari ya vipimo, kwa hiyo damu unaisoma kama unavyosoma maziwa kwenye kikombe cha kupimia. Ikifika mililita 500, hakuna kungoja tuone dawa ya kwanza itafanya nini. Mambo yanakwenda kwa mpigo mmoja: kusugua mfuko wa uzazi, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki inayosaidia kuzuia damu, dripu, na kumkagua mama kujua damu inatoka wapi. Hospitali zilizofuata utaratibu huo, idadi ya akina mama waliopoteza lita moja au zaidi, au kupasuliwa tumbo ili damu izuiwe, au kufa kwa damu, ilikuwa chini kwa asilimia 60 kuliko kwenye hospitali zilizoendelea na mazoea yao.

Dawa hizo zote nilikuwa nazijua. Nisichokijua ni jinsi macho yangu yanavyonidanganya, maana miaka yote hii damu nimekuwa nikiikadiria kwa kuitazama.

Usiku uliofuata hatukuwa na mama hata mmoja leba. Nikaponda bitiruti mbili, nikachanganya na maji, nikapima mililita 700 kwa jagi la jikoni, nikazimwaga juu ya shuka na pedi mbili kwenye kitanda kitupu. Nikawaita wenzangu, nikawauliza hiyo ni damu kiasi gani.

Sista mkuu alitazama mara moja tu. "Daktari, hapo ni mia tatu. Mimi nimezalisha tangu wewe uko shule ya msingi."

Mkunga kijana akasema mia nne, akimwangalia sista kwa pembe ya jicho.

Mama Njeri, anayetufanyia usafi, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Hakuna aliyemuuliza. "Hiyo imepita nusu lita," akasema. "Mimi ndiye ninayezifua."

Tulinyamaza kidogo. Plastiki zile zenye mistari hatukuwa nazo, na mwenye hospitali bado anasema tutaona. Kwa hiyo nilinunua jagi la plastiki linaloonyesha ndani, nikalichora mistari kwa kalamu isiyofutika: 300, 500, 1,000. Linapokea kile kinachokusanyika kwenye beseni, na pedi zilizolowa tunazipima kwa mizani ya watoto, tunatoa uzito wa pedi kavu. Ni kazi ya kubahatisha bahatisha, lakini ni afadhali kuliko jicho la mtu aliyekesha.

Kuhusu pointi, nilikuwa mjinga, na tangazo lao halikunisaidia. Waliandika kwamba cheti "kinakubalika duniani kote". Cheti ninacho, kina muhuri wa dhahabu, kinahesabu saa zangu kwa alama za Kimarekani. Huku kwetu, pointi zinatoka kwa watoaji masomo waliotambuliwa na Baraza, na hilo lilikuwa jukumu langu kuliuliza kabla sijatoa hata senti. Zile 19 nilizipata Desemba kwa njia ya kizamani: vikao vya asubuhi vya hospitali moja mjini, na Jumamosi mbili Upper Hill, kwenye kiti kile kile laini, na vikombe vitatu vya kahawa.

Nyota natoa tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za ile saa ya 33. Kama kazi yako ni kwenye hospitali kubwa yenye mashine zote, huenda ukawapa nyota zaidi. Kama uko zahanati ya mtaani, omba kwanza orodha ya masomo yenyewe, mada moja moja, uhesabu ni mangapi yametengenezwa na mtu aliyewahi kufanya kazi bila kila kitu. Na zima malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo unayonunua; kitufe chake wamekificha ukurasa wa nne wa mipangilio, na mimi nilikikuta siku mbili tu kabla ya kukatwa tena.

Jagi tunaliweka juu ya kabati la leba. Wiki iliyopita niliingia zamu nikalikuta limejaa uji, umefika karibu na mstari wa 1,000. Nimenunua lingine, na hili nimeliandika jina.