Tipi ya Kilakota, futi 18: turubai safi, lakini bitana isingeuzwa kando

Tipi hii, hema la umbo la koni lenye kiunzi cha miti, imekatwa kwa mtindo wa Walakota, tawi la magharibi la Oceti Sakowin, wenyeji wa nyanda za Amerika Kaskazini ambao wageni waliwapa jina la Sioux. Mkato ndio wa kusifiwa kwanza. Tipi halisi si koni iliyosimama sawasawa: mgongo una mwinamo mkali kuliko mbele, hivyo tundu la moshi huangukia upande wa mlango, juu ya moto hasa. Mahema mengi ya maonyesho hukosea hapo hapo. Hili halikukosea.

Miti ni 17, ya msonobari, mita 7 hivi kila mmoja: 15 ya kiunzi na 2 ya kuendeshea masikio ya moshi, yaani vipande vya turubai vilivyo kando ya tundu. Mitatu hufungwa kwanza, miwili ya nyuma na mmoja wa mlangoni (Wacrow, watu wengine wa nyanda hizo, wao huanza na minne). Mlango utazame mashariki, maana upepo mkali wa nyanda zile hutoka magharibi. Miti mingine huegeshwa kwenye panda, pale ile mitatu inapopishana juu, mingi ikikaa mbele, kisha kamba inazungushwa mara nne kufuata mwendo wa jua, ikivutwa kwa nguvu. Mti wa mwisho ndio unaobeba turubai. Kamba iliyomo ni ya nailoni. Inanyumbuka, na kiunzi kinalegea upepo ukipiga. Nunua ya katani.

Kosa kubwa ni kuuza bitana, yaani kitambaa cha ndani kinachozunguka sehemu ya chini ya hema, kando, kana kwamba ni pambo. Upindo wa turubai huachwa juu ya ardhi kiasi cha upana wa kiganja; hewa baridi huingia hapo, ikapanda kati ya turubai na bitana, ikasukuma moshi nje. Bila bitana upepo huo unapiga moto moja kwa moja na moshi unajaa ndani. Wanawake wa Kilakota, ambao hema lilikuwa mali yao, walilijua hilo tangu enzi za ngozi za baisani (ng'ombe-mwitu wa Amerika), kabla wanyama hao hawajateketezwa miaka ya 1870 na 1880 na turubai kushika nafasi yake.

Miti imeparwa vibaya. Maji ya mvua hutiririka juu ya mti laini hadi chini, lakini yakikuta kifundo hudondoka, mara nyingi juu ya matandiko. Vikwangue vyote kwa randa kabla ya kusimamisha. Na turubai likikunjwa lingali bichi, ukungu huanza kwenye mishono.