Huey ya jeshi au Bell 205 ya kiraia?

Kwa anayetafuta helikopta ya kazi pale Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege karibu na Kampala, Huey iliyostaafu jeshini, UH-1H, inavutia kwa bei. Mimi naanza na makaratasi. Mapanga ya rota na sehemu nyingi zinazozunguka zina kikomo cha saa za kuruka. Kadi inayoonyesha saa zilizokwisha tumika ikikosekana, panga hilo halifai kuruka hata likiwa linang'aa. Marekani kwenyewe huipa Huey hiyo cheti chenye masharti: kunyunyizia dawa, kuzima moto, kubeba mizigo ya kuning'inia. Abiria wa kulipa, hapana. Bell 205A-1, ndugu yake wa damu, iliidhinishwa kwa raia tangu 1968. Mbele ya wakaguzi wa usafiri wa anga wa Uganda, pale Entebbe, ningepeleka hiyo 205, ghali ilivyo, maana nataka kubeba watu.