Tahadhari: muuzaji wa "Wimbi Kuu" la Hokusai mitandaoni

Wapenzi wa ukiyo-e, yaani picha za rangi za Kijapani zinazochapwa kwa vibao vya mbao, nawaomba mjihadhari na muuzaji anayetangaza mitandaoni "Wimbi Kuu" la mchoraji wa Kijapani Hokusai kwa dola 900, akidai kuwa ni chapa ya asili ya mwaka 1831 hivi aliyoirithi kwa babu yake. Bei peke yake ingetosha kumtia mtu shaka, kwani nakala ya zamani ya picha hiyo iliuzwa mnadani New York mwezi Machi 2023 kwa zaidi ya dola milioni 2.7.

Karatasi aliyomuuzia rafiki yangu nimeikagua mwenyewe. Chini ya kioo cha kukuzia, buluu ya wimbi iligeuka kuwa vidoa vidogo vya rangi mbalimbali vilivyojipanga safu kwa safu, na hiyo ni kazi ya ofseti, yaani mashine ya kisasa ya uchapaji. Mchapaji wa Kijapani hupaka rangi juu ya ubao wa mcheri, akalaza karatasi juu yake na kuisugua mgongoni kwa kisuguo kiitwacho baren, tena ubao baada ya ubao hadi rangi zote zitimie, ndiyo maana rangi huzama katika nyuzi za karatasi na ukiigeuza chapa halisi unaona kivuli cha picha kwa nyuma. Hii ilikuwa nyeupe pe. Vipimo navyo vilimuumbua: chapa za Wimbi hufikia takriban sentimita 25 kwa 37, ilhali hii ilikuwa sawasawa na karatasi ya A3 ya dukani. Hata madoa ya unyevu, aliyoyataja kuwa ushahidi wa umri, yalikuwa yamechapwa kwa vidoa vilevile.

Sisemi kwamba kila nakala mpya ni ulaghai, maana wapo mafundi Tokyo wanaochonga vibao upya na kuchapa Wimbi kwa mkono, wakiiuza kazi hiyo kwa kusema wazi kuwa ni nakala mpya.

Sasa amebadili jina la ukurasa na anauza mandhari za Yoshida Hiroshi, msanii wa Kijapani wa karne ya 20, zenye muhuri wa jizuri, ambao huonyesha kuwa chapa ilisimamiwa na msanii mwenyewe. Kabla ya kutuma fedha, mtakeni picha ya karibu ya muhuri huo na ya mgongo wa karatasi. Mimi nilipoziomba, alinizuia nisimwandikie tena.